Ukingo wa barafu si ukingo wa tiba: jinsi picha zinavyopima ugandishaji wa saratani ya tezi dume

Mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume kwa kugandishwa hutoka hospitali akiwa na swali moja: imekwisha au imebaki? Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kumjibu. Jibu hupatikana kwa picha kadhaa zinazopigwa nyakati tofauti, na kila moja ina kitu inachokiona vizuri na kitu inachokificha. Wakati wa tiba yenyewe, ultrasaundi huonyesha barafu imefika wapi. Siku au wiki chache baadaye, MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, ikiwa na dawa ya kontrasti inayodungwa mshipani ili damu ionekane, huonyesha nyama ipi imekatikiwa damu. Baada ya miezi 6 hadi 12, MRI nyingine huonyesha kama ndani ya kovu kuna kitu kinachokua. Makosa mengi ya ufuatiliaji huanzia pale mtu anapochukua picha moja na kuitaka ijibu swali la nyingine.

Barafu inaua wapi

Sindano za kugandisha huingizwa kupitia msamba, mgonjwa akiwa amelala chali, miguu imeinuliwa, na amepewa dawa ya usingizi au ganzi ya mgongo. Sindano za sasa ni nyembamba, unene wake ni kama milimita 1.5, na hutumia gesi ya agoni. Agoni iliyobanwa kwa shinikizo kubwa ikitoka kwenye tundu dogo ndani ya ncha ya sindano hutanuka na kupoa ghafla, hadi zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Heliamu hufanya kinyume: ikitanuka kwa namna hiyo hiyo hupata joto, ndiyo maana hutumika kuyeyusha. Baadhi ya mashine mpya huyeyusha kwa umeme na hazihitaji heliamu.

Maji yaliyo nje ya seli ndiyo yanayoganda kwanza. Chumvi hujikusanya katika maji machache yaliyobaki, huyavuta maji ya ndani ya seli, na seli husinyaa. Joto likishuka zaidi, barafu hutengenezwa ndani ya seli yenyewe na kuupasua utando wake. Kisha, barafu inapoyeyuka, mishipa midogo ya damu iliyojeruhiwa huziba, na nyama iliyonusurika baridi hufa kwa kukosa damu. Ndiyo sababu kazi hufanywa kwa mizunguko miwili: kugandisha, kuacha iyeyuke taratibu, kugandisha tena, kuyeyusha tena. Mzunguko wa pili hukuta nyama ambayo mishipa yake tayari imevurugika, kwa hiyo baridi hupenya vizuri zaidi.

Sasa jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi. Pembeni kabisa mwa tufe la barafu joto ni nyuzi sifuri tu, au chini yake kidogo, na seli za saratani zinaweza kuvumilia hali hiyo. Kiwango kinacholengwa ni nyuzi 40 chini ya sifuri, na kiwango hicho kipo milimita 5 hadi 10 ndani ya ukingo unaoonekana. Piga hesabu uone ukubwa wa tofauti. Tufe la barafu lenye kipenyo cha sentimita 4 lina ujazo wa mililita 33 na ushee. Ukiondoa milimita 5 kila upande, kipenyo kinabaki sentimita 3 na ujazo mililita 14. Ukiondoa milimita 10, unabaki na mililita 4 tu. Barafu ni ile ile, lakini sehemu inayoua kwa uhakika ni chini ya nusu yake, pengine ni kama sehemu moja kati ya nane.

Kwa hiyo daktari halengi barafu iguse mwisho wa uvimbe. Huipitisha mbele ya uvimbe kwa karibu sentimita 1. Kuna sababu nyingine ya kuacha nafasi hiyo: MRI ya kabla ya tiba huelekea kuuonyesha uvimbe ukiwa mdogo kuliko ulivyo, kwa sababu nyuzi zake nyembamba za pembeni hujichanganya na nyama nzima na hazionekani.

Kinachoonekana kwenye ultrasaundi wakati wa kugandisha

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Marekani walipojaribu tiba hii kwa nitrojeni ya kimiminika, hawakuwa na picha. Waliifuatilia barafu kwa kidole kilichoingizwa kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, wakihisi ugumu unavyosogea. Haishangazi kwamba watu waliumia. Mambo yalibadilika ultrasaundi ya kupitia puru ilipoanza kutumika kuongoza sindano, na mwaka 1993 mtaalamu wa radiolojia wa Marekani, Gary Onik, na wenzake walichapisha matokeo ya njia hiyo. Tangu hapo, hakuna anayegandisha tezi dume bila kuona.

Kwenye skrini, barafu huanza kama duara dogo kuzunguka sindano, kisha ukingo wake hujichora kama mstari mweupe unaong'aa. Nyuma ya mstari huo ni giza tupu. Mawimbi ya sauti hugonga uso wa barafu na kurudi, hayapiti. Ni kama kurunzi inayomulika ukuta: unauona upande unaokutazama, lakini kilicho nyuma hukioni. Kwa kuwa kifaa cha ultrasaundi kiko kwenye puru, nyuma ya tezi, daktari huuona vizuri ukingo wa barafu ulio karibu na puru, na hauoni kabisa ule wa mbele.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapotoka. Sindano za mbele ya tezi huwashwa kwanza, kisha za katikati, na za nyuma huwa za mwisho. Ukianza na za nyuma, giza hufunika tezi yote na kazi iliyobaki unaifanya bila kuona. Sindano hupangwa zikiachana kwa sentimita 1 hadi 2, na zile za pembeni haziwekwi mbali na ukingo wa tezi kwa zaidi ya sentimita 1 hivi. Zikiachana mno, matufe ya barafu hugusana kwenye picha, lakini katikati yao hubaki ukanda usiofika nyuzi 40. Picha itasema kila kitu kimeganda, na itakuwa inasema kweli. Tatizo ni kwamba kuganda peke yake hakutoshi.

Pengo hilo huzibwa na vipima joto vyembamba vinavyochomekwa sehemu maalumu: kando ya neva zinazohusika na nguvu za kiume, karibu na msuli unaozuia mkojo, na kati ya tezi na ukuta wa puru. Vingine huwekwa ndani ya eneo la uvimbe kuthibitisha kwamba baridi imeshuka inavyotakiwa. Ultrasaundi hutoa umbo, kipima joto hutoa namba, na kimoja bila kingine ni nusu ya habari. Barafu inapokaribia ukuta wa puru, sindano za nyuma huzimwa. Baadhi ya madaktari hudunga maji ya chumvi kati ya tezi na puru ili kuongeza nafasi. Barafu ikipenya ukuta ule, hatari kubwa ni tundu la kudumu kati ya puru na njia ya mkojo, ambalo kutibika kwake ni kazi nzito. Siku hizi ni nadra, na ultrasaundi ndiyo iliyolifanya liwe nadra.

Mrija wa mkojo unaopita katikati ya tezi hulindwa kwa mpira maalumu (katheta) ambamo maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 38 hadi 43 huzungushwa muda wote wa tiba na dakika kadhaa baadaye. Bila mpira huo, utando wa mrija hufa na kumeguka, mkojo huziba, na mgonjwa hutoa vipande vya nyama iliyokufa kwa wiki nyingi. Lakini joto linaloulinda mrija huilinda pia nyama inayouzunguka. Saratani iliyo milimita chache kutoka kwenye mrija inaweza kunusurika kwa hisani ya mpira huo. Vivyo hivyo kando ya mishipa mikubwa ya damu, ambako damu yenye joto hupita, na kwenye ncha ya chini ya tezi, ambako daktari hujizuia asiharibu msuli wa mkojo. Anayesoma picha miezi kadhaa baadaye anatakiwa kuyajua maeneo haya matatu kabla hajafungua faili, kwa sababu masalia ya saratani hupenda kubaki huko.

MRI pia inaweza kutumika wakati wa kugandisha. Barafu haitoi ishara, hivyo huonekana nyeusi kabisa yenye ukingo mkali, pande zote, mbele na nyuma. Ni picha bora kuliko ya ultrasaundi. Kikwazo ni kwamba inahitaji sindano zisizovutwa na sumaku, chumba kilichoandaliwa, na mashine kukaliwa na mgonjwa mmoja kwa saa kadhaa. Vituo vinavyomudu hayo ni vichache. Skani ya CT nayo huonyesha barafu, kwa kuwa huwa nyeusi kuliko nyama, lakini haitofautishi vizuri sehemu za ndani za tezi dume, kwa hiyo hutumika zaidi kwenye figo na ini.

Wiki za kwanza: nyama isiyopata damu

Baada ya barafu kuyeyuka, swali hubadilika. Halihusu tena baridi, linahusu damu. Nyama iliyokufa haipitishi damu, kwa hiyo dawa ya kontrasti ya gadolini ikidungwa mshipani, eneo lililoharibiwa hubaki jeusi wakati tezi nyingine inang'aa. Eneo hilo jeusi ndilo alama bora ya mapema ya mahali tiba ilipofanya kazi, na ni bora kuliko ukingo wa barafu uliorekodiwa wakati wa upasuaji. Ultrasaundi yenye dawa ya viputo vidogo vya gesi hutoa habari inayofanana: viputo hubaki ndani ya mishipa ya damu, na pasipo na viputo hapana mzunguko wa damu.

Kuna mtego hapa. Nyama iliyogandishwa huvuja damu ndani kwa ndani, na damu iliyomwagika hung'aa kwenye picha za T1, moja ya aina za picha za MRI, hata kabla ya dawa kudungwa. Asiyekuwa makini atauona mng'ao huo baada ya dawa na kudhani ni nyama hai. Dawa yake ni kutoa picha ya kabla ya kontrasti kutoka kwenye picha ya baada, nukta kwa nukta, ili kibaki kile kilicholetwa na dawa tu. Kama mgonjwa alijisogeza kati ya picha hizo mbili, matokeo huwa na kingo za uongo. Kwa hiyo angalia kwanza kama mifupa ya nyonga imekaa sawasawa kwenye picha zote mbili, ndipo uanze kuamini chochote.

Kupima ukubwa wa eneo jeusi ni rahisi: urefu mara upana mara kina mara 0.52. Lakini ujazo peke yake haumsaidii mgonjwa. Kinachomsaidia ni kuiweka picha hii juu ya MRI ya kabla ya tiba na kuuliza kama mahali uvimbe ulipokuwa pamefunikwa pote, na kama ziada ya pembeni ipo kila upande. Eneo jeusi kubwa lililosogea milimita 6 kushoto kwa uvimbe ni tiba iliyokosa shabaha, hata kama namba zake zinapendeza.

Wiki hizi za kwanza huwa kuna ukanda mwembamba unaong'aa kuzunguka eneo lililokufa. Huo ni mwitikio wa kawaida wa kidonda kinachopona. Ukiwa na unene sawa pande zote, hauna neno. Ukiwa na kinundu upande mmoja, huandikwa kwenye ripoti na kusubiriwa. Haukimbiliwi kwa sindano ya biopsi, yaani kuchukua vipande vya nyama vichunguzwe, kwa sababu kidonda kibichi huwadanganya wote wawili, msomaji wa picha na msomaji wa hadubini.

Miezi 6 hadi 12: kusoma kovu

Baada ya miezi kadhaa, nyama iliyokufa hufyonzwa na kovu hushika nafasi yake. Tezi husinyaa upande uliotibiwa na kupoteza ulinganifu wake, ukingo wake huwa mnene, na mpaka kati ya sehemu za ndani hupotea. Hapa kanuni za kawaida za kusoma MRI ya tezi dume huvunjika. Kwenye tezi isiyotibiwa, picha ya T2, aina nyingine ya picha za MRI, ni muhimu sana kwa sababu saratani huonekana nyeusi ndani ya nyama angavu. Kovu nalo ni jeusi kwenye T2. Nyeusi ndani ya nyeusi haionekani. Mfumo wa alama wa PI-RADS, ambao hospitali nyingi duniani huutumia, ulitengenezwa kwa tezi ambayo haijaguswa, na kuutumia hapa ni kosa ambalo bado linaonekana kwenye ripoti.

Kinachoongoza ni picha za mfululizo za kontrasti. Gadolini hudungwa kwa kasi ya mililita 2 hadi 3 kwa sekunde, kipimo cha milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito, na mashine hupiga picha ya tezi nzima kila sekunde 15 au chini ya hapo. Kovu hupokea dawa polepole na kwa unyonge. Saratani hung'aa mapema na kwa nguvu. Kinundu kinachowaka ndani ya sekunde chache baada ya dawa kufika, kikiwa ndani ya kovu au ukingoni mwake, ndicho kinachotafutwa.

Baada ya hapo huangaliwa picha za mtawanyiko wa maji, zenye thamani ya b (kiwango cha mashine kuhisi mwendo wa maji) ya 1400 au zaidi, pamoja na ramani ya ADC, inayoonyesha maji yanatembea kwa uhuru kiasi gani. Seli za saratani zimesongamana na maji hayana nafasi ya kutembea kati yake, kwa hiyo kinundu hung'aa kwenye picha ya b kubwa na huwa cheusi kwenye ADC. Kovu kwa kawaida huwa jeusi kwenye zote mbili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayookoa wagonjwa wengi wasichomwe sindano bure: nyeusi kwenye ADC peke yake, bila mng'ao kwenye b kubwa, mara nyingi ni kovu. T2 huangaliwa mwisho, kwa ajili ya mahali na umbo. Mwaka 2023 mfumo unaoitwa PI-FAB ulichapishwa, ukiongozwa na wataalamu wa London, kwa ajili ya tezi zilizotibiwa sehemu tu. Una alama tatu na unaiweka kontrasti mbele. Ni mfumo mchanga, lakini una faida ya kumlazimisha msomaji aanze mahali panapostahili.

Mambo yanayoharibu picha hizi ni ya kawaida sana. Hewa kwenye puru hupinda picha za mtawanyiko wa maji kiasi kwamba nyuma ya tezi, mahali hasa panapohitajika, huonekana kama imevutwa. Mgonjwa asafishe tumbo kabla ya kuja, na kama hewa ipo, itolewe kwa mrija mwembamba kabla ya kuanza. Nyonga ya chuma huharibu vivyo hivyo. Biopsi ya karibuni huacha damu, kwa hiyo MRI husubiri angalau wiki 6 hadi 8 baada yake. Na nyama ya kawaida iliyobaki, hasa vinundu vya uzee vya katikati ya tezi, huweza kung'aa mapema kama saratani. Hiyo hutambuliwa kwa kuilinganisha na MRI ya kabla ya tiba: kama kinundu kilikuwepo tangu zamani na hakijabadilika, kina uwezekano mkubwa wa kuwa hakina hatia.

Kwa nini PSA na picha bado havitoshi

Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotolewa na tezi dume, hupanda mara tu baada ya kugandisha, kwa kuwa seli zilizopasuka humwaga kilichomo ndani, kisha hushuka kwa miezi kadhaa. Hakifiki sifuri kama nusu ya tezi imeachwa hai, kwa sababu nusu hiyo inaendelea kukitoa. Kanuni ya kusema saratani imerudi pale PSA inapopanda kwa nanogramu 2 kwa mililita juu ya kiwango chake cha chini kabisa ilitungwa kwa waliotibiwa kwa mionzi. Kwa aliyegandishwa upande mmoja, inaweza kuchelewa au kutisha bila sababu. Mwelekeo wa PSA ndio wa kutazamwa, na upandaji unaorudiwa mara mbili au tatu huita MRI.

Biopsi haikwepeki. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 244, wengine kugandishwa tezi yote na wengine kupigwa mionzi. Kwa kigezo cha kuendelea kwa ugonjwa, makundi mawili yalikuwa karibu sawa baada ya miezi 36. Lakini biopsi zilipofanywa, saratani ilikutwa kwa asilimia 7.7 ya waliogandishwa na asilimia 28.9 ya waliopigwa mionzi. Kigezo kimoja kilisema wako sawa, sindano ikasema vingine. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri biopsi karibu na mwezi wa 12 hata kama MRI ni safi, ikichukua vipande ndani ya eneo lililotibiwa, kwenye ukingo wake, na upande ambao haukuguswa.

PET ya PSMA, skani inayotumia dawa ya mionzi inayojishikiza kwenye seli za saratani ya tezi dume, ina nafasi yake, hasa PSA inapopanda na MRI haionyeshi kitu, au pale inapohofiwa kwamba ugonjwa umetoka nje ya tezi. Nairobi zipo hospitali zinazoifanya PET. Mipaka yake ni miwili: masalia ya milimita chache ni madogo mno kwa mashine, na dawa nyingi za aina hii hutoka kwa mkojo, hivyo kibofu chenye mng'ao mkali huweza kuficha kitu kilicho juu ya tezi. Kukojoa kabla ya picha husaidia, lakini hakuondoi tatizo lote.

Anayetibiwa nje na kufuatiliwa nyumbani

Tiba hii hufanywa zaidi Marekani, Ulaya na sehemu za Asia, na anayeifuata huko mara nyingi hurudi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuendelea na kliniki. Kabla ya kupanda ndege, achukue MRI ya kabla ya tiba ikiwa faili kamili za DICOM, yaani picha asilia za mashine, kwenye diski au flashi. Karatasi ya ripoti haitoshi, wala picha zilizopigwa kwa simu. Achukue pia maelezo ya upasuaji yanayoonyesha sindano ziliwekwa wapi, mizunguko mingapi ilifanyika na vipima joto vilisoma nini, ripoti ya biopsi ya kwanza, na PSA zote zikiwa na tarehe.

Akifika kwa mpiga picha wa nyumbani, aseme wazi kwamba tezi yake iligandishwa, upande gani na lini. Siku hizi vituo vingi hupunguza gharama kwa kupiga MRI ya tezi dume bila kontrasti, na kwa mtu ambaye hajatibiwa hilo mara nyingi linafaa. Kwa aliyegandishwa halifai, kwa sababu linaiondoa picha inayobeba uamuzi. Fomu ya daktari iandikwe kontrasti ya mfululizo, na kipimo cha kazi ya figo kifanyike mapema. Kasi ya figo kuchuja damu (eGFR) ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, daktari na mtaalamu wa radiolojia waamue pamoja kama gadolini itolewe na ya aina gani, kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine.